Mgomba wa Khisa

Mwihaki hakuolewa na askari. Aliolewa na Khisa, beki wa kati wa Mlima Stars, timu ya Kitale iliyokuwa ikijaza uwanja kila Jumapili mpaka watu wakapanda ukutani. Siku ya harusi yao kule Endebess angekuapia kwamba mume wake hawezi hata kuchinja kuku. Na kweli hakuweza; kuku wa Krismasi walichinjwa na Mwihaki.

Khisa alizaliwa Kabuchai, katikati ya miwa na mahindi. Baba yake, Absalom, alikuwa mwalimu, na mpira aliuona kazi ya wavivu. Mtoto alipofika miaka kumi na sita akamwambia achague, vitabu ama mpira. Alipochagua mpira akafukuzwa nyumbani. Tangu hapo walionana kwenye matanga tu, kila mmoja amekaa upande wake wa hema. Mzee hakuwahi kukanyaga Kitale kumwona akicheza. Kilikuwa kiburi, sina jina lingine la kukipa.

Kisha mfadhili wa Mlima Stars akajitoa, na timu ikavunjika ndani ya wiki moja. Khisa alikuwa na miaka ishirini na saba, binti yao Ciru bado ananyonya. Ndipo timu ya kambi moja ya jeshi ikamwita. Ila ili kuichezea, lazima kwanza uwe askari: upitie mafunzo, uvae sare, utie sahihi.

"Mama Ciru, hiyo ni karatasi tu, bana," alimwambia mkewe. "Mimi si naenda kucheza boli?"

Tusimcheke. Wachezaji wengi wa huku wameingia jeshini kwa mlango huo, wakastaafu na goti bovu na hadithi nyingi. Khisa alicheza misimu miwili. Msimu wa tatu kikosi chake kikapelekwa vitani Somalia, na beki akaenda na wenzake.

Kambi yao ilivamiwa alfajiri. Wapo waliorudi kwa miguu yao na wapo waliorudishwa ndani ya majeneza. Khisa hakurudi hivi wala vile. Barua ilisema kwamba hajulikani alipo, na Mwihaki akaikumbatia barua hiyo kwa miaka minane. Aliuza maziwa, akamsomesha Ciru, akagombana na kila aliyethubutu kumwita mjane. Mtu akimpa pole sokoni, alikuwa anaacha nyanya zake hapo hapo na kuondoka. Alichoka, na usiache mtu akudanganye kwamba hakuogopa. Lakini kusema kwa mdomo wake kwamba Khisa amekufa, hilo lilimshinda.

Mwaka huu mama mkwe wake, Peris, akashikwa na ugonjwa wa figo, akamwita Kabuchai. Huko, mwili wa mtu usipopatikana, huzikwa shina la mgomba badala yake. Hukatwa kwa urefu wake, huvishwa nguo zake, huombewa na kulazwa kaburini kama mtu. Bila hivyo marehemu anabaki bila kwao. Peris alitaka kumlaza mwanawe kabla yeye mwenyewe hajalazwa. Ila mke asipokubali, hakuna maziko.

"Mama, mimi siwezi kuzika mgomba," Mwihaki alimwambia. Kwao hawana desturi hiyo. "Na siku akirudi?"

"Akirudi tutachinja ng'ombe, tucheke mpaka tulie," Peris akasema. "Lakini mimi sina nguvu ya kungoja, mama. Wacha nilaze mtoto wangu."

Mwihaki alilia, akapanda gari kurudi Endebess bila kumjibu. Wazee wakachukua kimya chake kuwa ndiyo, wakapanga maziko yawe Ijumaa, wakampelekea habari.

Ijumaa hiyo alifika na Ciru, na alikuja kukataa. Maneno alikuwa ameyapanga: angemwambia pasta mbele ya watu wote kwamba hapa hakuna maiti. Alikuta kaburi limechimbwa na shina limelazwa juu ya mkeka uani, shati la Khisa likiwa pembeni. Absalom alikuwa amelikata shina mwenyewe asubuhi, hakutaka mtu amsaidie.

Mwihaki alilitazama lile shina, na yale maneno yakampotea.

"Nani amepima hii?"

"Ni mimi," Absalom akajibu. Akainua mkono, akaugusisha begani mwake. "Si alikuwa ananifika hapa?"

Mzee alikuwa amemkata mtoto wa miaka kumi na sita, yule aliyemfukuza, kwa sababu ndiye peke yake aliyemjua. Kwa miaka yote hiyo Mwihaki alikuwa amemchukia mkwe wake huyu. Sasa alimwonea huruma.

"Hapana, baba," akasema taratibu. "Alikuwa amekupita. Kwetu alikuwa anainama ndio aingie mlangoni."

Absalom akakaa chini, pale pale kwenye vumbi, na suti yake.

Mwihaki akaona haiwezekani. Hawatamzika Khisa akiwa mfupi hivyo, miguu imekatwa. Akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba kwenye migomba, akauegemea mmoja kwa mgongo. Akapapasa juu ya kitambaa chake cha kichwa, pale kidevu cha Khisa kilipokuwa kikitua, akapanda shubiri moja zaidi, akatia alama kwa ncha ya panga.

"Kateni hapa," akawaambia vijana waliomfuata.