Mzee wa Ramani Aliyekataa Kuandika Aendako

Kwanza naomba radhi, wasomaji wa gazeti hili, kwa mwandiko wangu na makosa ya herufi. Niliishia darasa la saba, na ninaandika polepole mpaka shangazi huniuliza kama ninasuka mkeka. Pili, haya yalinitokea mimi mwenyewe, Ujiji, mchana, jua likiwaka. Sikuwa na malaria. Nasema mapema kwa sababu kila ninayemsimulia huanza na malaria, na nimechoka kujibu.

Ulikuwa mwaka ule wakimbizi wa Burundi walipojaa Kagunga kule mpakani, wakawa wanaletwa Kigoma kwa meli kabla ya kupelekwa kambini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka kwetu Kidahwe kuja kumsaidia shangazi, masenge kama tunavyosema sisi Waha, kwenye gesti yake ya vyumba sita. Nilifua mashuka, nilipika chai, na niliandikisha wageni kwenye kitabu.

Kitabu cha wageni mnakijua. Jina, kabila, kazi, simu, atokako, aendako, tarehe, sahihi. Mwaka ule hakikuwa cha mchezo. Maafisa walipita kila wiki kutafuta wakimbizi waliotoka kambini wakapangishwa kinyemela. Gesti ya mtaa wa pili ilifungwa kwa mstari mmoja ambao haukujazwa. Kila asubuhi shangazi alinikumbusha.

"Wewe na aibu zako utaniponza. Mgeni asipojaza, mwambie ajaze. Haumi."

Mzee wa chumba namba nne alijaza kote isipokuwa aendako.

Alifika saa sita mchana, mfupi, kofia ya kitambaa kichwani, begi moja, na kompyuta ile ya kukunja. Aliandika ametoka Dodoma, ni mstaafu, mchora ramani. Nikamwonyesha kwa kidole pale palipobaki, maana nilimwonea haya.

"Aah, hapo bado sijaamua," akasema. "Miaka thelathini na tano, binti, nimekaa ofisini nachora mahali ambapo sijafika. Hata Kasulu niliichora bila kuiona. Sasa nimestaafu, nazunguka dunia. Kazi naifanyia humu humu, naituma. Mtandao wenu ukoje?"

Mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mimi nilimpa ufunguo.

Basi mateso yakaanza. "Binti, mtandao umekata." Nina ndoo ya maji kichwani: "Binti, mtandao." Kana kwamba nimeuficha kwenye ndoo. Alihamisha kiti kutoka barazani hadi chini ya kamba ya mashuka, kutoka pale hadi jikoni, mwisho akaupata nyuma ya choo. Akakaa huko siku mbili akizungumza Kiingereza na watu wa ng'ambo. Mimi nilidhani wageni wanaona haya kupita mbele yake. Kumbe walikuwa wanapita, na hakuna aliyemsalimia. Sikulitilia maanani.

Chai yake nilimpelekea ya moto. Alinyanyua kikombe, akanywa, akashukuru. Nilipokwenda kukichukua kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Nilimpikia migebuka, akaisifu kweli, akasema ameshakula samaki wa maziwa mengi lakini hawa ni wengine. Sahani ilirudi na samaki mzima, na ugali haujabonyezwa. Shuka lake halikuwahi kukunjika. Kisha umeme ukakatika siku tatu, Ujiji nzima, simu zote zikazima, na kompyuta ya mzee inawaka tu.

Nilimwuliza? Sikumwuliza. Mtu mzima utamwulizaje kwa nini chai yake haipungui?

Umeme uliporudi, afisa naye akaja. Akapitisha kidole kwenye kitabu, kikasimama mstari wa namba nne.

"Huyu aendako ni wapi?"

"Bado hajaamua, afande."

"Hajaamua." Akachukua simu ya shangazi, akapiga namba iliyoandikwa pale, akaweka sauti ya juu. Akapokea mwanamke.

"Hii namba ya baba," akasema. "Baba alifariki mwezi wa pili, tumemzika hapa Dodoma. Nani mwenzangu?"

Afisa alikata simu akanitazama mpaka nikahisi nimevaa nguo ya kuazima.

"Kwa hiyo umempangisha mtu kwa jina la marehemu. Nipeleke."

Tukaenda, yeye, shangazi na mimi. Mlango ulikuwa wazi. Mzee alikuwa amekaa kitini, kompyuta iko kwenye mapaja, akatuinulia mkono tunyamaze kwa sababu yuko kwenye kikao. Naapa. Afisa akapita mbele yake karibu amkanyage mguu, akagusa kitanda, akainama uvunguni, akafungua kabati.

"Ametoroka."

"Chumba kitupu kabisa," shangazi akasema.

Mzee alikuwa ananikonyeza nifunge mlango, kelele zinamsumbua.

"Kesho saa sita nakuja," afisa akaniambia. "Nimkute huyu mtu, au nikute ameandika aendako na ameweka sahihi ya kuondoka. La sivyo gesti nafunga, na wewe dada tunaondoka wote."

Jioni yule mwanamke alipiga simu ya shangazi, nikapokea mimi. Alitaka kujua nani alikuwa anauliza habari za baba yake. Nikamweleza, nikijikwaa kila neno.

"Mfupi?" akauliza. "Anaanza kila kitu na 'aah'?"

"Ndiyo, dada."

Akaongea kwa hasira kama vile mzee yuko chumba cha pili anamsikia. "Huyu mzee. Alistaafu akakataa kupumzika, sasa amekufa anakataa kufa. Ofisi yake ya huko nje bado inamshukuru kwa ramani. Mama anapata picha za ziwa hili na lile kwenye simu, hataki tuanue matanga, anasema marehemu gani anatuma picha. Wewe unamwona, dada. Mwambie arudi nyumbani. Sema neno hilo tu."

Nikamwahidi.

Kesho yake saa tano nikachukua kitabu na kalamu. Nilisimama mlangoni mpaka jasho likanikauka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mtandao umerudi?"

"Mzee, samahani. Binti yako amesema ulifariki mwezi wa pili."

Hakushtuka. Alikasirika kidogo, kama mtu aliyekatizwa hesabu.

"Aah, najua. Nilikuwepo. Lakini kuna ramani ya kukabidhi Ijumaa."

"Na ukishakabidhi?"

"Kuna nyingine." Akavua kofia, akaiweka gotini. "Nilikuwa nimefika nchi nne tu, binti. Nne. Moyo ukasimama. Nawe ungerudi kulala?"

Nilichoka. Sijui niseme vipi, woga uliisha, nikabaki na uchovu tu. Mashuka yamelowa, afisa anakuja, na huyu ananihesabia nchi.

"Mzee, mimi leo nitafungwa kwa ajili yako. Na shangazi gesti yake inakwenda. Hukuandika unakokwenda."

Hilo lilimgusa. "Kwa nini hukuniambia tangu siku ile?"

"Niliona aibu."

"Lete." Akachukua kalamu. Gari la afisa likasikika nje, mlango wa gari ukafungwa, shangazi akaanza kumkaribisha kwa sauti ndefu ya kumchelewesha. "Sasa niandike wapi?" mzee akauliza. Aliuliza kwa adabu, akinitazama, anangoja nimwambie.

Nilikuwa na neno moja la kusema. Nilikuwa nimeliahidi.

"Andika popote," nikasema. "Andika tu, mzee, afisa amefika."

Akaandika POPOTE, herufi nzuri zilizonyooka kama za kwenye ramani, akaweka sahihi, akanirudishia kalamu. Afisa alipoingia nilikuwa nimeshika kitabu mbele ya kiti kitupu.

"Popote ndiyo wapi?" akauliza. Lakini mstari ulikuwa umejaa, na sahihi ipo. Akafunga kitabu akaenda gesti nyingine.

Shangazi alinisifu siku hiyo. Binti wa Dodoma hajanisifu mpaka leo. Hupiga kila baada ya miezi miwili mitatu. "Sasa yuko mahali pana theluji," ananiambia. "Mama ameonyesha majirani picha." Matanga hayajaanuliwa, mama amezeeka akingoja, na mimi nasikiliza tu kwa sababu sina cha kujitetea.

Ninyi mnaofanya kazi kwenye gesti, nawaonya. Mgeni ambaye chai yake haipungui, usimwonee haya, mwulize siku ya kwanza. Na akikuuliza aandike wapi, usijibu kwa haraka, maana atakwenda huko huko utakakomtajia.

Ila ukimwona mzee mfupi mwenye kofia ya kitambaa anauliza mtandao, mwambie mkewe yuko Dodoma, bado anamngoja, arudi nyumbani. Kisha tafadhali niandikie kupitia gazeti hili, hata mstari mmoja, hata kwa mwandiko mbaya kama wangu. Nitasoma.