Ekrani ya Mpima Mashamba

Mama mmoja wa Lusangi aliniletea kwenye karakana yangu mjini Kasongo ordinateri, yaani kompyuta, nzito ya marehemu mume wake, aliyekuwa mpima mashamba. Ekrani yake, kioo cha kuonyesha picha, ilikuwa imekufa, na ndani ya mashine mlikuwa na ramani ya shamba. Saa nane shefu wa kijiji angeamua ugomvi wa mpaka kati ya mama na jirani yake. Saa sita ilikuwa imeshapita.

Mahali pa kuchomeka ekrani palikuwa pa ajabu: matundu matatu makubwa ya kupitisha rangi, na mengine kumi madogo. Kamba zangu zote zilikataa kuingia. Nikakata kamba ya ekrani iliyokufa, nikaunganisha nyaya zake na za ekrani yangu, moja moja, nikiogopa kuunguza mashine. Nikawasha. Nyeusi tupu.

"Bado?" mama akauliza.

"Bado, mama."

Nikaunganisha nyaya zilezile na ekrani nyingine, ya zamani zaidi. Picha ikatokea, yote kijani, lakini mistari ilisomeka. Mpaka ulifuata kijito, haukufuata njia kama mama alivyodai. Kipande kati ya njia na kijito kilikuwa cha jirani.

Nikashindwa kumtazama.

"Piga foto vile iko," mama akasema. "Ni mume wangu alipima."

Saa nane shefu akaitazama foto, akampa jirani kipande kile. Shamba lililobaki likawa la mama, bila ugomvi tena.