Rundo la Mawe Kwenye Njia ya Bomba

Mwaka huo wa themanini na kitu nilitembea siku tisa peke yangu huko Nainokanoka, mbele ya wachimbaji wa mtaro wa bomba la maji. Kazi yangu ilikuwa kukagua ardhi kabla haijaguswa na sururu: vigae, zana za mawe, makaburi. Nikiona kitu, naandika kwenye fomu, na bomba linapindishwa. Gari la kazi lilipita kila siku ya tatu kuchukua fomu. Siku nyingine zote nilizungumza na kamba yangu ya kupimia. Upweke ulinitesa, sioni haya kusema.

Karibu na hema langu palikuwa na rundo la mawe lililonifika kiunoni. Mimi mtoto wa mkulima wa kijiji cha Qurus. Kwetu mawe yakitolewa shambani hurundikwa pembeni, basi. Nikaandika "mawe ya shamba", nikampa dereva fomu. Mjuzi mzima! Nani alilima huko kwa wafugaji? Sikujiuliza. Nikaligeuza rundo kuwa kiti, nikala ugali wangu hapo siku tatu mfululizo.

Siku ya nne, nikiwa nakula, alifika mama mmoja na punda wake wa maji. Aling'oa majani mabichi, akayaweka kando ya sufuria yangu, kisha akaongeza jiwe juu ya rundo.

"Takwenya, yeyo," nilimsalimia kwa lugha yao, nikisimama.

"Iko," aliitikia. "Kaa tu. Huyu ni baba yangu."

Kumbe wazee wa heshima ndio huzikwa hivyo, chini ya mawe, na kila apitaye humwongezea jiwe.

"Mbona hamkunifukuza?"

"Tuliona unakula naye kila siku. Tukasema, huyu kijana hana mtu. Baba naye hakupenda kula peke yake."

Nililia mbele yake, mtu mzima mimi. Kisha nikakumbuka fomu. Wachimbaji wangefika hapo kesho yake.

Nilitembea hadi kambini kwao mchana huohuo, nikiwaogopa nyati kila kichakani. Msimamizi alinitukana mbele ya watu, na alikuwa na haki. Alfajiri walihamisha vigingi vya mtaro hatua arobaini.

Niliporudi niliweka jiwe langu. Nikasonga ugali, nikaketi chini kando ya rundo, nikaumega mafungu mawili, langu na la mzee.