Siku Blogu Yangu Ilipobaki Nyeupe

Mume wangu alihamia mtaa wa Mowlem wakati wa mvua za vuli, akabeba nguo zake, redio na godoro la wageni. Blogu aliniachia. Ilikuwa yangu tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeandika humo jinsi ya kupika mboga za mrenda, saga na kunde kwa jiko la gesi hapa mtaani Umoja, mbali na kwetu magharibi. Lakini sura yake aliitengeneza yeye. Alikuwa fundi wa kompyuta kwenye ghala moja Industrial Area, na Jumamosi moja alichukua themu ya bure, lile vazi ambalo blogu huvalishwa, akaipaka kijani cha majani ya kunde, akabadilisha herufi, akaweka juu picha yangu nikicheka.

Alasiri moja nilifungua kompyuta nikakuta ujumbe: themu imepitwa na wakati, isasishwe kwa sababu za usalama. Nikabonyeza. Ukurasa ulizunguka kidogo, ukarudi mweupe. Kijani hakikuwepo. Picha haikuwepo. Maandishi yalikuwepo yote, kwa herufi za kijivu, nyembamba kama za risiti.

Nilingoja nishtuke. Sikushtuka. Niliinuka nikaanua nguo, nikazikunja, nikarudi. Bado ilikuwa nyeupe. Msomaji mmoja alikuwa ameshaandika chini ya mrenda: "Sasa dada, umehama?" Sikumjibu.

Kesho yake nilimpigia mume wangu. Nyuma yake nilisikia maji yakijaza ndoo.

"Blogu imepoteza rangi," nikamwambia. "Nilisasisha themu."

Alifunga bomba. "Kosa ni langu. Niliandika mabadiliko ndani ya faili za themu yenyewe. Ukisasisha, faili mpya zinachukua nafasi ya zile, na kila nilichoongeza kinaenda nazo. Nije niirudishe?"

"Hapana. Nielekeze tu."

Akanielekeza polepole, kwa sauti ile aliyokuwa akitumia na watu wa kazini. Kwanza nihifadhi nakala ya blogu nzima kwenye kompyuta, nihakikishe inafunguka. Kisha nitengeneze themu mtoto: folda yake kando, na ndani yake faili ya mitindo inayotaja jina la themu mama. Rangi zote, herufi zote, niandike kwa mtoto.

"Mama akisasishwa, mtoto haguswi," akasema. "Na uitazame kwanza kwa jaribio, kabla watu hawajaiona."

"Sawa."

"Unakula lakini?"

"Nakula."

Nilifanya alivyosema. Mara ya kwanza niliruka herufi moja katika jina la themu mama, ukurasa ukakataa kufunguka. Lilikuwa jaribio tu, hakuna aliyeona. Nikarekebisha, ukakubali. Zamani ningepiga makofi.

Ikabaki rangi. Lilifunguka sanduku lenye rangi zote, na mimi nikawa nasogeza mshale juu yake kama mtu anayefuta meza ambayo tayari ni safi. Kijani kile sikukitaka. Nikajiuliza, basi wewe unapenda rangi gani? Swali halikuniuma. Ilikuwa kama kuulizwa habari za jirani ambaye hatujawahi kusalimiana. Nikaacha nyeupe. Herufi nilizifanya nyeusi na kubwa, kwa sababu mama yangu husoma kwenye simu ndogo na macho yake yamechoka. Picha sikuirudisha. Nikaiwasha themu, nikamjibu yule msomaji kwamba sijahama, kisha nikaenda kuosha vyombo.

Jumapili baada ya kanisa mama alipiga simu kutoka nyumbani.

"Leo nimesoma ile ya kunde bila miwani," akasema, sauti imejaa furaha. "Mume wako amefanya kazi nzuri. Mwambie asante."

Sikuwa nimemweleza kwamba ameondoka. Kila wiki nilikuwa nikisema nitamweleza wiki ijayo.

"Nitamwambia, mama."

"Na yeye hajambo?"

"Hajambo," nikasema. Kisha akaniuliza kama kwetu Umoja mvua imenyesha.