Kompyuta ya Kubeba Nyumba ya Mama Kulwa

Ipo Jumanne moja ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kila unaponitumia orodha ya vipuri vya kompyuta kwenye simu naiona tena. Usicheke nikikuita mwanangu. Najua tumepishana miaka tisa tu, lakini mama yako ni dada yangu, na mama mdogo ni mama. Tulia nikusimulie, maana orodha yako nimeisoma na moyo umenienda mbio kama vile ni ya kwangu.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Cheyo, hapa Tabora, na shahada ya usanifu wa majengo, sina ajira. Kazi ya kwanza ilinifuata mlangoni. Mama Kulwa, muuguzi wa Isikizya, alitaka kujenga. Akaniomba nimchoree nyumba, kisha nimwonyeshe kwenye kompyuta mtu aone kama anatembea ndani yake, kabla hata msingi haujachimbwa. Mama yake mzazi alikuwa anakuja kutoka Nzega baada ya wiki tatu, siku ya Jumamosi, na bibi huyo ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, kwa kuwa kiwanja kilikuwa chake.

"Mdogo wangu," Mama Kulwa aliniambia, "Jumamosi hiyo nisipoiona nyumba, kuna kijana mchoraji wa Mwanza ananisubiri."

Kompyuta yangu ya mkononi ya chuoni ilikuwa ikifungua mchoro wa choo tu, inahema kama ng'ombe anayepanda kilima. Nikaamua kuunda ya mezani, mpya, yenye kasi. Bibi yako, mama yangu, alikuwa amepata zamu yake ya fedha kwenye mchezo wa kuchangiana wa akina mama. Akanikabidhi zote, akasema, "Nunua kitu cha maana."

Neno hilo lilinimaliza. Kitu cha maana ni kipi? Nilijaza daftari zima. Kwenye makundi ya simu huyu alisema prosesa ndiyo kila kitu, yule akasema mtu asiye na kadi kubwa ya picha asijisumbue. Asubuhi nilikuwa na orodha, mchana nimeichana, jioni naiandika upya kwa wino mwekundu. Wiki ikaisha hivyo. Mwishowe nikashikilia kadi ya picha ambayo kila mtu alikuwa akiisifu. Ilimeza zaidi ya nusu ya fedha. Vilivyobaki vyote vikagawana makombo: RAM kidogo, diski ya zamani iliyotumika, na pawa saplai, kile kisanduku cha kuilisha kompyuta umeme, isiyojulikana ilikotoka. Niliona nimefanya uamuzi wa mtu mzima. Kesho yake ningetuma fedha kwa muuza vipuri Dar.

Ndiyo hiyo Jumanne bibi yako akanituma Ng'ambo, dukani kwa Mzee Rajabali, nikamchukulie tairi ya baiskeli. Hukubahatika kukutana na mzee yule. Alikuwa Mhindi aliyezaliwa hapahapa Tabora, mrefu, na kalamu sikioni. Baiskeli alikuuzia vipande vipande, rimu huku, fremu kule, fundi anakuungia barazani. Lakini bei hakutaja mpaka amekuuliza mambo mawili: unabeba nini, na unapita njia gani.

Nilimkuta na mrina asali mmoja kutoka ndani huko Uyui.

"Nataka ile nyembamba ya gia, Mzee. Kama za Mwanza."

"Unabeba nini?"

"Asali. Madumu manne."

"Njia?"

"Mchanga, mpaka ukaribie barabara kuu."

"Basi hiyo unayoiota ni baiskeli ya kwendea kuposa."

"Nimeshaoa, Mzee!"

"Kwa hiyo huna haja nayo kabisa. Fundi, mletee karia nene, spoki nene, na rimu ya chuma. Gia asahau."

"Wewe mzee unamnyima kila mtu starehe," mrina asali akalalamika, huku anacheka.

"Nikuuzie starehe, halafu urudi huku umebeba madumu kichwani na baiskeli mgongoni? Mji huu walipita wapagazi kwenda pwani. Babu yangu alikuwa ananiambia, mzigo ulifungwa kwanza, ndipo akatafutwa mtu wa kuubeba. Wewe unatafuta mpagazi mwenye sura nzuri."

Baraza zima likacheka. Nami nilicheka, mpaka aliponigeukia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mbona umekumbatia daftari kama mtoto mchanga?"

Sijui kilichonipata, nikamweleza yote, nikamsomea na orodha. Alisikiliza mpaka mwisho, akaishusha kalamu kutoka sikioni.

"Mimi kompyuta sijui hata inawashiwa wapi. Ila nijibu. Inabeba nini?"

"Nyumba ya Mama Kulwa. Vyumba vitatu, sebule, jiko."

"Hiyo uliyonayo sasa, ikibeba nyumba inakwama wapi?"

Nikaanza kupekua daftari.

"Hujui?"

"Inakwama tu, Mzee. Kila mahali."

"Baiskeli haikwami kila mahali. Ni mnyororo, au rimu, au mpandaji mwenyewe. Umesoma daftari zima kuhusu baiskeli za watu, yako hujawahi kuitazama. Nenda kaitazame siku moja. Ukimaliza ndiyo ununue."

Mwanangu, nilichukua tairi nikaondoka kwa aibu. Lakini Jumatano nilikaa na ile kompyuta yangu chakavu kuanzia asubuhi. Nikafungua ule ukurasa unaoonyesha kila sehemu inafanya kazi kiasi gani, nikaanza kuchora huku naandika. Kufungua mchoro, diski ndiyo iliyojaa kazi, vingine vyote vinaisubiri. Nikifungua mchoro na picha kwa pamoja, RAM inajaa pomoni na kila kitu kinaganda. Wakati wa kutengeneza ile picha ya kutembea ndani, prosesa ndiyo inayokimbia mpaka feni inapiga kelele. Kadi ya picha? Siku nzima ilikuwa kama mgeni wa heshima kwenye shughuli, imekaa tu. Programu yangu haikuwa ikiitumia kwa lolote la maana.

Nikaifuta kwenye orodha. Nikanunua prosesa ya kawaida yenye viini vingi vya kugawana kazi, iliyo na uwezo wa picha ndani yake, RAM ya kutosha, SSD, diski ya kisasa yenye kasi, badala ya ile diski ya zamani, na pawa saplai nzuri, kwa sababu umeme wetu unaujua unavyocheza. Mazabodi, ule ubao unaounganisha vyote, nilichagua inayoelewana na prosesa ile, tena yenye nafasi za kuongezea baadaye. Kasha nikachukua la chini kabisa, jeusi, halina hata taa moja. Fedha ikatosha na stabilaiza ya kutuliza umeme.

Mzigo ulifika kwa basi Jumatatu ya wiki ya mwisho. Nikaunga mchana kutwa kwenye meza ya chakula. Nikawasha. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi. Nikaanza kulia nikihesabu vitu vilivyoweza kuwa vimeungua.

Bibi yako akaja na mikono ya unga. "Hiki nacho mbona kimekaa upande?" Alikuwa anaonyesha RAM.

"Usiguse, Mama, kitavunjika!"

"Wewe umekiwekaje?"

"Taratibu."

"Ndiyo shida yako hiyo. Kata umeme."

Nikakata. Akajifuta mikono vizuri, akabonyeza kwa vidole gumba viwili kama anayebana kifuniko cha sufuria. Tak! Nilipowasha, kioo kikang'aa, naye akarudi kwenye chapati zake akiimba.

Jumamosi Mama Kulwa alifika na mama yake. Bibi wa Nzega alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. Nikafungua mlango wa nyumba yake, tukaingia sebuleni, tukapita korido.

"Jiko la kuni liko wapi?" akauliza.

"Mama, tutatumia gesi," Mama Kulwa akasema.

"Gesi itumieni ninyi. Ugali wangu haupikwi kwa gesi. Na mlango huu wa nyuma unatazama choo, nani kauweka?"

Nikaomba dakika chache. Nikauhamisha mlango pale pale akiwa ananitazama, nikachora jiko la nje na paa lake, kompyuta ikameza yote bila kukohoa. Tukatembea tena. Tulipofika kwenye lile jiko bibi akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje, kisha akamwambia binti yake, "Huyo kijana wa Mwanza mwambie asihangaike."

Sasa nisikilize. Orodha yako inaanza na kadi ya picha, na kazi uliyonitajia ni kuhariri sauti za kwaya. Iweke kando kwanza. Tazama unachofanya kweli kila siku, utafute kinapokwama, fedha yako iende hapo kabla ya pengine. Pawa saplai usiibanie. Acha nafasi ya kuongeza, maana hutabaki na mzigo huohuo maisha yako yote. Sifa za watu kwenye makundi zisome ukishajua shida yako, siyo kabla. Na ukishachagua, nunua. Usiogope kubonyeza mpaka kiingie.

Mungu akuongoze mwanangu, akupe macho ya kuiona kazi yako ilivyo, na mikono yako ifungue milango ambayo sisi hatukuijua. Amina.