Mikono Iliyomshika Nelius

Wifi yangu Nelius, dada ya marehemu mume wangu Kobia, alishona sare za shule kwa miaka thelathini na minne kwenye veranda ya duka moja karibu na uwanja wa Kinoru. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru, kwa sababu alichoka kukata vielelezo vya magauni kwenye magazeti asiyoweza kuyasoma. Alipohitimu alisoma kila kitu, hata maandishi ya pakiti za unga.

Mwaka juzi binti yake Mwendwa, anayefundisha chuo huko Embu, alimletea kitabu kuhusu historia ya wanawake wa sehemu zetu. Kilikuwa cha Kiingereza, kwa hiyo Nelius alikileta kwangu. Mimi nilifundisha Kiingereza mpaka nikastaafu. Kila Alhamisi alasiri alikuja na sketi za kupinda, nami nikamfasiria huku akishona.

Kitabu kilieleza jinsi wazee walivyopiga marufuku tohara ya wasichana miaka ya hamsini, na wasichana wakanunua nyembe wakatahiriana wenyewe. Sura iliyofuata ilihusu tamaa ya mwanamke, na jinsi watu walivyoiogopa. Hapo sauti yangu ilianza kufifia.

"Sema kwa nguvu, Mwalimu," Nelius akaniambia. "Wako amekufa, wangu amekufa. Unamwonea nani haya, paka?"

Nikasoma. Kwamba wengi waliamini msichana asiyekatwa hatatulia kwa mume. Kwamba mwanamke mwema alitakiwa asitake kitu.

Nelius aliacha kushona.

"Kwa hivyo walijua," akasema. "Mume wangu Mwongera aliniita jiwe, mpaka akawaambia walevi wenzake, 'Mimi nimeoa jiwe.' Nami nikafunga na kuomba Mungu anilainishe. Kumbe nilichongwa!"

Ndipo akanisimulia siku yake. Alikuwa na miaka kumi na minne. Walimfunga leso machoni, na mtu aliyekaa nyuma yake akamshika mabega. Mama yake alimwambia baadaye kwamba siku hiyo yeye alikuwa safarini, na kwamba aliyepanga yote na kumshika ni shangazi yake Mukiri, aliyeolewa Kibugu. Tangu hapo Nelius hakumsalimia Mukiri. Hata kuku ambao shangazi huyo alimletea siku ya harusi, Nelius aliwarudisha wakiwa hai.

"Nataka kujua kama kitabu kinamtaja," alisema. "Nimemchukia maisha yangu yote. Nisije nikawa nimekosea mtu."

Alhamisi iliyofuata nilifika ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, na hapo nikakuta jina la mama mkwe wangu, mama yake Nelius. Kumbe alihojiwa miaka mingi kabla ya kufa. "Binti yangu nilimshika mwenyewe," alikuwa amesema. "Sikutaka mkono wa mtu mwingine umguse."

Picha ya mama huyo bado iko katika ukumbi wa akina mama kanisani. Wasichana wangapi walifunzwa usafi wa maisha chini ya picha ile! Nilikabidhiwa heshima ya nyumba ile siku niliyoolewa, na Kobia alipofariki nilibaki nayo peke yangu. Nikafungua ukurasa uliofuata.

"Mwalimu, umeruka."

"Kurasa zilikuwa zimeshikana."

Akaniamini. Sikuwahi kumdanganya kabla ya hapo.

Mwezi wa nane, Kithaka, mtoto wa Mukiri, alipiga simu. Mama yake alikuwa mgonjwa sana, na kila siku alimwulizia Nelius. Nelius alikuja kwangu akiwa bado amening'iniza tepu ya kupimia shingoni.

"Kile kitabu hakikumtaja shangazi popote?"

"Hakikumtaja."

"Hakikusema lolote la kumwondolea hatia?"

"Hapana."

"Basi siendi."

Mukiri alizikwa Jumamosi, pembeni ya shamba lao la chai. Mimi nilikwenda. Nelius alishinda kwenye cherehani.

Desemba Mwendwa alirudi likizo, na mama yake akamwomba amsomee tena tangu mwanzo. Siku chache baadaye Nelius alikuja kwangu, nayo haikuwa Alhamisi. Hakuketi. Alifungua kitabu akaweka kidole kwenye mstari.

"Soma, Mwalimu. Nataka kuusikia kutoka kwako."

Nikasoma, kwanza kwa Kiingereza, kisha nikafasiri kila neno.

"Mama alikuwa na mikono baridi," akasema. "Hata unga akikanda. Nafikiri nilijua." Kisha akanitazama. "Shangazi aliniita akiwa kitandani, na wewe ulikuwa na neno la kumsafisha mkononi."

"Nililinda jina la mama yako, Nelius."

"Na mabega yaliyoshikwa ni ya nani?"

Alichukua kitabu chake akaenda Kibugu, na Kithaka akamwonyesha kaburi. Nasikia alikaa pale mpaka wachuma chai waliporudi nyumbani.

Sasa sare anazishona bado, ingawa macho yamechoka. Tukikutana kanisani ananiita mama Mwalimu, kama wageni wanavyoniita. Alhamisi natoa vikombe viwili kabatini, kisha kimoja nakirudisha.

Nimeandika haya kwa sababu Nelius anastahili kuandikwa. Jina la mama mkwe wangu sijaliandika. Hilo bado siliwezi.