Kibofu cha Nyongo Tulichokizika

Laiti ningemkatalia kaka yangu mkubwa siku ile aliposema tuzike kibofu cha nyongo cha mke wangu. Daktari alikuwa amekitoa kwa sababu ya mawe yaliyomtesa miaka mingi. Alinionyesha kikiwa ndani ya chupa, ukuta wake ukiwa mnene na mgumu upande mmoja.

"Papa, hapa nyama imebadilika. Inaweza kuwa mwanzo wa kansa. Hapa Bunia hatuna wa kuipima, tutaituma Kampala. Utie sahihi tu."

Kwetu Djugu, kitu kilichotoka mwilini hurudishwa udongoni na wenyewe. Kaka yangu alinicheka.

"Tulikimbia vita tukaacha makaburi yetu yote. Sasa weye unatuma nyama ya bibi yako kwa watu wasiomujua? Mawe yametoka, ugonjwa umeisha."

Mke wangu alikuwa bado amelala kwa dawa ya upasuaji, hatukumuuliza. Mimi nimesoma sekondari na nilimwelewa daktari vizuri, lakini niliogopa kuonekana nimesahau desturi. Niliomba ile chupa, nikachimba shimo nyuma ya nyumba tuliyopanga, nikakifukia.

Mke wangu alipona, akarudi kulima mchicha. Baada ya miezi minane macho yake yakawa ya manjano, na hospitalini ikaonekana kansa imeshaingia kwenye ini. Daktari alisema kwamba kama tungejua mapema, angemfungua tena na kukata sehemu iliyougua, na pengine angepona. Alifariki mwezi uliofuata. Nilimpoteza mke wangu kwa sababu sikutia sahihi.